Mshono wa Chibalonza

Habari ya kifo cha Mzee Ndirangu ilifika Toongabbie Alhamisi asubuhi, mwezi wa Agosti, katika ule mwaka wa pili wa korona ambapo serikali iliwafungia watu wa magharibi ya Sydney majumbani mwao, kisha ikaleta wanajeshi kuhakikisha kwamba wamefungika. Binti yake, Njeri, alikuwa amesimama jikoni katika blauzi ya kazi, barakoa ikining'inia kwenye sikio moja. Binamu yake Wanjohi alimweleza kwa simu kutoka Nyandarua, kwa haraka ya mtu anayeogopa salio kumwishia, kwamba ni kifua, kwamba oksijeni ilitafutwa na haikupatikana, na kwamba watamzika kesho mchana kwa sababu Sabato haimngoji mtu.

"Ahimidiwe Mwamuzi wa kweli," Njeri alisema, maana ndivyo alivyofundishwa kusema. Kisha akashika ukosi wa blauzi upande wa kushoto, juu ya moyo, akavuta. Kitambaa cha wahudumu wa wazee hufumwa kwa kutarajia mengi. Ilimbidi aanze kwa meno.

Baba yake alikuwa mmoja wa wakulima wachache wa viazi waliotoka kanisani wakaisoma Torati mpaka wakafika mahali pasipo na njia ya kurudi. Wakawa Wayahudi, kwanza machoni pao wenyewe, baadaye machoni pa marabi waliosafiri kutoka mbali kuja kuwatazama. Kwa desturi yao, mwana aliyefiwa na mzazi huirarua nguo iliyo mwilini mwake, huivaa hivyo siku saba za kukaa chini, na mpasuko huo haushonwi ukapona maisha yake yote. Mama yake Njeri alipofariki, wazee wa kanisa la zamani walimzika wao, kwa nguvu, wakapanda msalaba juu ya kaburi. Mzee Ndirangu aliung'oa. Alipigwa, akarudi nyumbani na jino pungufu na ombi moja kwa bintiye: "Siku yangu ikifika, asisimame mtu kunisemea nilichokikataa." Njeri aliahidi. Alikuwa msichana, na siku ile ahadi haikuwa na uzito wowote.

Mumewe, Balagizi, Mkongo wa Bukavu aliyemkuta Nairobi katika miaka ya ukimbizi, alizaliwa Mkatoliki na hakuwahi kuona sababu ya kuendelea wala ya kuacha. Asubuhi hiyo alifanya alichoweza: alimpigia simu msimamizi wa ghala huko Seven Hills kuomba achelewe. Msimamizi alimwambia Bruno, anayepanga zamu. Bruno aliimba kwaya katika kanisa la Mchungaji Akilimali. Kabla chai haijapoa, msiba ulikuwa umetangazwa katika kundi la WhatsApp ambamo Wakongo na Warundi wa Toongabbie, Seven Hills na Parramatta walipeana habari za kazi, magonjwa na unga wa muhogo.

"Ndugu wapendwa," sauti ya Mchungaji ilisema kutoka simuni, nzito na yenye huruma ya kweli, "dada yetu Mama Aline, mke wa Balagizi, amefiwa na baba. Tutafanya matanga kwa Zoom Jumapili alasiri. Tungefanya Jumamosi, lakini tunajua jamaa hawa ni Wasabato, na sisi tunaheshimu. Kristo ni mmoja. Neno nitalileta mimi mwenyewe."

Usabato huo ulikuwa na historia fupi. Walipohamia katika jengo lile la matofali mekundu kando ya reli, jirani wa chini, Chibalonza, aliwapandishia sahani ya nyama ya nguruwe ili kuwakaribisha, akaona haikuguswa. Jumamosi akaona hawapiki wala hawafui. "Ninyi ni Wasabato?" aliuliza, na Balagizi akasema ndiyo kabla swali halijafika mwisho. Uongo mwingi huhitaji kutunzwa. Huu ulijitunza wenyewe. Nguruwe, Jumamosi, mishumaa ya Ijumaa ambayo jirani aliihesabu kuwa ni ucha Mungu uliozidi kidogo: kila kitu kilipata maelezo. Tangu hapo Chibalonza hakupandisha tena nguruwe. Alipandisha sombe, yale majani ya muhogo, maharage, ndizi, na tangu chanjo zianze akapandisha pia, kwa simu, jumbe za sauti za Mchungaji Akilimali, zilizoeleza kwamba Wayahudi ndio waliotengeneza ugonjwa ili wauze dawa yake. Aliziambatanisha na vikono viwili vya kusali.

Wayahudi wengine wa Sydney walikuwako, ng'ambo ya pili ya mji, upande wa bahari. Njeri alikwenda kwao mara moja, mwaka wa kwanza. Mlinzi langoni alimwuliza, kwa adabu isiyo na kasoro, kama alikuwa amekuja kwa kazi ya usafi. Alipojieleza, mlinzi aliomba aonyeshe begi, kisha pasipoti, kisha amtaje mtu anayemjua ndani. Hakuwako wa kumtaja. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameajiriwa kuogopa, na sababu za kuogopa zilikuwako. Njeri alipanda treni akarudi Toongabbie, akaendelea kuwa Msabato.

* * *

"Ni sala tu," Balagizi alisema. Alikuwa ameketi ukingoni mwa meza, amevaa viatu vya ghalani, vyenye chuma mbele. "Anaomba, tunaitika amina, anazima kamera."

"Atamwombea baba kwa jina la Yesu."

"Amewaombea wengi kwa jina hilo. Hakuna aliyerudi kulalamika."

Njeri hakucheka, wala Balagizi hakukusudia acheke.

"Mwambie tumeshafanya matanga yetu."

"Wapi? Na nani? Mji mzima umefungiwa. Nisikilize, Mama Aline. Aliyeniingiza ghalani ni nani? Akilimali. Aliyesimama mbele ya wakala wa nyumba hii akasema hawa ni watu wa Mungu, wapeni ufunguo, ni nani? Kila wiki watu wanakatwa zamu. Majina anayapanga Bruno, na Bruno hapangi bila kumtazama Mchungaji usoni."

"Kwa hiyo baba yangu ndiye atolewe."

"Baba yako ametoka tayari. Tuliobaki ndani ni sisi."

Binti yao, Aline, alikuwa amesimama mlangoni na vipokea sauti shingoni. Alikielewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza. "Kwani mkisema ukweli watafanya nini?" aliuliza.

"Wewe umewaambia nani shuleni?" Balagizi alimgeukia.

Aline alitazama sakafu. Kisha akasema, bado kwa Kiingereza lakini kwa sauti ndogo, kwamba wiki ile mwanafunzi mmoja aliweka kichekesho katika gumzo la darasa, picha ya mtu mwenye pua ndefu akiwa ameshika sindano ya chanjo na mfuko wa pesa, na kwamba kila mtu aliweka alama ya kicheko.

"Na wewe?"

"Na mimi. Ningeonekana mimi peke yangu sijacheka."

Hakuna aliyemkemea. Katika nyumba ile hakuwako mwenye haki ya kumkemea.

* * *

Ijumaa Njeri alikwenda kazini, kwa kuwa wahudumu wawili walikuwa karantini na wazee hawawezi kungoja msiba wa mtu upite. Alikuwa na blauzi ile moja tu ya kazi. Ya pili ilikuwa imeagizwa tangu Juni. Msimamizi wa zamu, mwanamke mwenye haraka na moyo mwema, aliutazama mpasuko.

"Pole sana kwa baba yako, mpenzi," alisema. "Lakini wakaguzi wakija, nitawaambia nini?" Akakata plasta ya vidonda, ile nyeupe pana, akaubandika mpasuko yeye mwenyewe, akapigapiga juu yake kama anayemtuliza mtoto. "Hivyo. Ni kama mpya."

Njeri alishinda zamu nzima na plasta juu ya moyo. Mzee mmoja alimwuliza kama amechomwa kisu.

Katika chumba cha chai walikuwa wakizungumza habari za Melbourne, za wale Wayahudi waliofanya sherehe ya uchumba huku wenzao wote wamefungiwa. Video ilikuwa imezunguka. Muuguzi mmoja alisema watu wale siku zote hujiona wako juu ya sheria. Alisema "siku zote" kwa namna ya mtu aliyekuwapo tangu mwanzo, kisha akaomba apitishiwe biskuti. Njeri alimpitishia.

Chepkoech, Mkenya mwenzake kutoka Bomet, Msabato wa kweli wa kuzaliwa, alimvuta pembeni kadiri umbali wa mita moja na nusu ulivyoruhusu.

"Njeri, pole tena. Habari za matanga zimetufikia, na Mchungaji wetu anataka kuwa kwa Zoom Jumapili. Haiwezekani Msabato azikwe na watu wa Jumapili tukiwa tumenyamaza. Sasa aliniuliza, ninyi mko kanisa gani? Nimeuliza Blacktown, nimeuliza Parramatta. Hakuna mtu anawajua."

"Sisi huabudu nyumbani."

"Saa hii kila mtu anaabudu nyumbani. Kabla ya korona je?"

"Nyumbani."

Chepkoech alimtazama. Hakuwa mjinga, na hakuwa na nia mbaya. Watu wa aina hiyo ndio wa kuogopwa zaidi. "Na baba yako? Yeye alikuwa kanisa gani huko Nyandarua? Mamangu anajua wazee wote wa Central."

"Nitakutumia jina," Njeri alisema.

Aliporudi nyumbani aliibandua plasta, akaifua blauzi kama sheria za ugonjwa zilivyotaka, akaianika kwenye kamba ya pamoja nyuma ya jengo. Kisha akawasha mishumaa. Sabato ilimfika Toongabbie kabla maziko hayajamfika baba yake Nyandarua, na kwa hiyo, wakati Wanjohi aliposimama kaburini ameinua simu ili binamu yake aone, simu ya binamu yake ilikuwa imezimwa ndani ya droo ya vijiko. Njeri alijua saa ilipotimia. Aliketi akitazama droo.

* * *

Siku ya Sabato aliyefiwa havai nguo iliyoraruliwa. Huzuni yake hukaa ndani, isionekane. Ilikuwa Jumapili asubuhi, basi, Njeri alipoteremka uani kuichukua blauzi na kukuta kamba tupu. Alitazama chini, akatazama uani kwa jirani, akapanda tena akiwa na hofu ya kijinga kwamba ameibiwa kile kipande kimoja cha desturi alichokuwa amekitimiza sawasawa.

Blauzi ilikuwa mlangoni pake. Ilikuwa imepigwa pasi na kukunjwa kwa pembe nne, ndani ya mfuko wa plastiki. Chini yake palikuwa na sufuria ya sombe yenye kifuniko.

Aliikunjua. Mpasuko haukuwako. Aliugeuza ukosi, akauinua kwenye mwanga wa ngazi, akapitisha kidole. Uzi ulikuwa wa rangi ile ile ya kibuluu cha kazi, na mishono ilikuwa midogo kiasi kwamba haikuonekana bali ilihisika, kama kovu la zamani.

"Umeona?" Chibalonza aliita kutoka ngazi za chini, barakoa ikiwa kidevuni. "Mama Aline! Mvua ilitaka kuja, nikaitoa kwa kamba. Nikaona imepasuka hapa, nikasema, masikini, mwenye msiba hata nguo inamupasukia. Miye nilifundishwa kushona na masista kule Bukavu. Tazama na miwani, tazama bila miwani, hauoni kitu. Vrai? Si kweli?"

"Sioni kitu," Njeri alisema.

"Nilishona nikikuombea. Kila mushono, sala." Alipanda ngazi moja, akasimama hapo kwa sababu ya sheria. "Leo hautakuwa peke yako. Nimeambia wote waingie mapema, hata jamaa ya Kasoki kule Parramatta. Na sikia, ile sindano ya pili usikubali. Ulisikia ile sauti ya Mchungaji? Wayahudi wenyewe hawajidungi. Wanatuuzia siye."

"Nimeshadungwa zote mbili, Mama Chibalonza. Kazini ni lazima."

"Eh." Chibalonza aliwaza. "Basi Mungu atakulinda. Weye ni mutu wake."

Njeri alimshukuru. Ni neno jepesi, na lilitoka bila taabu. Kumwambia mwanamke yule kwamba ameshona kile kisichoshonwa kungetaka maneno mengine mengi kabla yake, na yote yalikuwa yamekaa upande wa pili wa uongo wa miaka sita. Aliingia ndani akaivaa blauzi iliyopona. Balagizi aliitazama, akaelewa, akaondoa macho.

"Basi ndiyo hivyo," alisema taratibu. "Labda ni ishara."

"Ishara ya nini?"

Balagizi alikuwa amelisema neno hilo kwa kuwa lilikuwa la kusemwa.

* * *

Alasiri waliketi mbele ya kompyuta ya shule ya Aline. Njeri aliketi kwenye kiti cha chini cha mtoto, kama aliyefiwa apasavyo, hata kamera ikamwonyesha kuanzia ukosi kwenda juu. Balagizi aliketi kando, nje ya picha, mkono juu ya kipanya. Walikuwa wamekubaliana, au Balagizi aliamini wamekubaliana, kwamba yeye atashughulikia sauti. Aline alisimama nyuma, ameegemea friji.

Nyuso zilijaa kioo, kisha zikajaa kioo cha pili. Wengine walikuwa jikoni, wengine ndani ya gari. Mwingine alikuwa dari tupu na feni inayozunguka. Chibalonza alikuwa amevaa kitenge cha msiba na kujipanga karibu mno na kamera. Chepkoech alikuwako, na mzee asiyejulikana mwenye miwani, ambaye bila shaka ndiye mchungaji wake. Mchungaji Akilimali alivaa koti na tai. Aliimbisha wimbo, na kwa kuwa mtandao hauwezi kuimba kwa pamoja, kila mtu aliimba peke yake nyuma ya mwenzake.

Kisha akaleta neno. Alisema vizuri. Alisema juu ya wazee wanaokufa mbali na watoto wao, na ndege zilizosimama, na watoto wanaomzika mzazi kwa kidole kwenye kioo. Watu walilia, na Njeri pia alilia, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Lakini hatulii kama wasio na tumaini," Mchungaji aliendelea. "Mzee Ndirangu alimpokea Yesu. Mzee Ndirangu amelala katika Yesu. Na leo, wale wale waliomkataa Bwana na kumtundika msalabani, hao hao ndio wanaotuletea maradhi, hao hao ndio wanaotuuzia dawa. Lakini mzee wetu ametoka katika mikono yao. Amina?"

"Amina," vikasema vile visanduku, kimoja baada ya kingine.

"Mama Aline, mwanangu. Sema neno juu ya baba. Alikuwa Msabato wa namna gani?"

Kioo chote kilimtazama. Njeri alitazama miwani ya mchungaji wa Chepkoech.

"Baba yangu hakuwa Msabato," alisema.

Balagizi alibonyeza.

Njeri hakujua. Aliendelea kusema. Alisema jina la baba yake na jina la baba wa baba yake, akasema alivyokuwa, na alivyoomba asisemewe. Alisema kwa utulivu uliomshangaza, mpaka alipoona watu wakigusa masikio yao na midomo yao ikifumbuka.

"Mama Aline, hatukusikii!"

"Maikrofoni! Washa maikrofoni!"

"Mwambie yule mutoto awashe!" Chibalonza alisema, amekaribia kamera hata akabaki jicho na shavu.

Njeri aligeuka. Mkono wa mumewe ulikuwa juu ya kipanya, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikilia mlango wakati wa mafuriko. Njeri alikigeukia tena kioo. Sauti alikuwa amenyang'anywa, lakini picha bado ilikuwa yake. Alishika ukosi upande wa kushoto. Mshono wa masista wa Bukavu haukukubali. Ulikuwa imara kuliko kitambaa. Ilimbidi, kwa mara ya pili, aanze kwa meno, mbele ya watu wote, kama mnyama anayejitoa mtegoni. Uzi ulikatika. Alishika pande mbili akavuta mpaka mpasuko ukapita pale ulipokuwa umefika Alhamisi.

Feni ya mtu fulani iliendelea kuzunguka.

"Anaipasua," Chibalonza alisema hatimaye. "Jamani, ile niliishona miye."

Balagizi aliutazama mpasuko. Aliutazama kama mtu anayesoma taarifa ya kuachishwa kazi, mara moja kwa haraka na mara ya pili polepole. Kisha akabonyeza tena, akaondoa mkono wake kwenye kipanya na kuuweka juu ya goti.

"Sasa mnanisikia?" Njeri aliuliza.

"Tunakusikia," Mchungaji alisema.

"Baba yangu alikuwa Myahudi. Mimi ni Myahudi, na binti yangu huyu ni Myahudi. Nguo hii nimeirarua kwa ajili ya baba. Kwetu haishonwi. Mama Chibalonza, ulishona vizuri. Hukujua, kwa kuwa sikukwambia."

"Mama Aline," Mchungaji alisema, "huo ni uchungu unakusemesha."

"Uchungu ninao. Hili nimelisema kwa akili zangu."

"Miaka yote hii mmekula nasi."

"Tumekula. Nawashukuru."

"Mlitudanganya."

"Tuliwadanganya."

Mchungaji alilegeza tai. Hakuwa amezoea kubishana na mtu anayekubali. "Zile jumbe zangu," alisema, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa ya mimbari, "mlikuwa mkizisikiliza?"

"Mpaka mwisho."

"Sikuwa nawasema ninyi."

"Ulikuwa unatusema sisi, Mchungaji. Hukujua tu kwamba tupo."

Visanduku vilianza kuzimika. Havikuzimika kwa hasira. Kila mmoja alitoka kama mtu anayekumbuka ghafla kwamba ameacha chungu motoni. Chepkoech alisema, "Pole, Njeri," akatoka. Mchungaji wake alikuwa ametoka zamani. Kisanduku cha Chibalonza kilikaa hadi karibu na mwisho, jicho na shavu, kisha nacho kikawa cheusi. Sala ya waliofiwa huhitaji Wayahudi kumi, na katika nyumba ile walikuwa wawili. Kwa hiyo haikusaliwa. Aline aliondoka kwenye friji akaja kuketi sakafuni kando ya kiti cha mama yake.

* * *

Jumatatu jina la Njeri halikuwako tena katika kundi la WhatsApp. Jina la Balagizi halikuwako katika zamu za juma lile. Bruno alimwandikia kwamba kazi imepungua, kwamba ataitwa. Balagizi alimsomea mkewe ujumbe huo, akavua viatu vya chuma na kuviweka chini ya meza, vimepangwa sawa, tayari.

Sufuria ya Chibalonza ilikuwa imeoshwa. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hilo liko kote, kwa Wakikuyu na kwa Washi wa Bukavu na bila shaka kwa wale wa upande wa bahari. Aline alijaza machungwa ndani yake, akaiacha kwenye ngazi ya chini, akagonga mlango na kupanda upesi kama mtu aliyetega kitu.

Jumanne asubuhi sufuria ilikuwa imeondoka. Machungwa yalikuwa yamening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wao, katika mfuko wa plastiki, yote. Mdomo wa mfuko ulikuwa umefungwa kwa pini ya nepi, kubwa, ya zamani, yenye kichwa cha kibuluu.

"Amekataa," Balagizi alisema. "Amechukua chake."

"Na pini?" Aline aliuliza.

"Ya kufungia mfuko."

"Hakuna mtu anafunga machungwa kwa pini ya nepi," Aline alisema. Alilisema kwa Kiswahili, na wazazi wake walimtazama kwa sababu hiyo kabla hawajafikiri alichosema. "Angepiga fundo."

Njeri aliitoa pini, akaishika kiganjani. Pini huweza kumsitiri mwenye nguo iliyochanika pasipo kuuponya mpasuko. Huweza pia kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wa mtu mwenye hasira na jiko lenye fujo. Aliyefiwa hatoki nyumbani siku saba. Njeri aliamua kwamba ngazi ni sehemu ya nyumba, akateremka akiwa na blauzi iliyoraruka na pini mkononi. Kutoka ndani ya mlango wa chini ilisikika redio, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Alibisha.

"Hodi."

Redio ilizimwa. "Nani?"

"Mimi."

"Miye nani?"

Kwa miaka sita jibu la swali hilo lilikuwa Mama Aline, na mlango ulifunguka kabla halijaisha kusemwa. Njeri alisikia nyayo zikija na kusimama upande wa pili wa ubao.

"Njeri," alisema. "Yule Myahudi wa juu."

Kitunguu kiliendelea kukaangwa. Kisha ukasikika mlio wa mnyororo wa mlango. Mnyororo unaofungwa na mnyororo unaofunguliwa, kwa mtu aliyesimama nje, hulia sawasawa. Njeri alisubiri aone ni upi.